Anti, nataka kuizunguka dunia na milioni 6.8 na mama hajui

Anti shikamoo,

Mimi ni binti wa miaka 27 niko hapa Moshi, nafanya kazi mapokezi kwenye hosteli moja ya wageni maeneo ya Soweto, huu mwaka wa nne. Jina naomba usiweke maana watu wa kazini wanakusoma sana.

Anti mimi kila siku napokea watu wanaozunguka dunia. Na sio matajiri, hapo ndo watu wengi wanakosea, wengine hela wanayotumia kwa siku nzima haifiki hata ile bosi wetu anayokula nyama choma na familia yake Jumapili. Mwaka jana alikuja dada mmoja Mjerumani ana miaka 24, alikua ana miezi kumi na moja yuko barabarani, begi moja, raba jozi moja na ndala, nguo anafua mwenyewe kwenye beseni letu kule uani. Alikua na kadaftari anaandika kila kitu, ndizi 500, bodaboda 1,000, maji 1,000, mpaka ile mia mbili ya choo cha stendi kaiandika. Jioni moja tumekaa nje, mlima umefunguka vizuri, akaniuliza wewe ukiondoka utaanzia wapi? Yaani hakuniuliza kama naondoka, aliniuliza ntaanzia wapi. Anti tangu siku hio sina raha.

Akiba ninayo. Tipu zangu zote sijagusa na kikoba tumevunja mwezi wa kumi na mbili, jumla nina 6,800,000. Mpango wangu ni huu, mwezi wa sita naacha kazi, nakata tiketi ya kwenda tu, naanzia Ulaya kwa yule dada maana kaniambia ntafikia kwao, alafu nashuka mdogomdogo mpaka Asia, mwaka mzima. Paspoti bado sina ila nimeambiwa sio ngumu.

Shida iko nyumbani. Mama yuko Kibosho, baba alishafariki, mdogo wangu yuko fom faivu. Mama anajua nina hela kidogo (hajui ni kiasi gani) na anataka ninunue kiwanja Bomang'ombe kabla bei hazijapanda zaidi, anasema mwanamke mwenye kiwanja chake hasumbuliwi na mtu. Nlijaribu kumgusia habari ya safari, sijamaliza hata kuongea akaanza kulia, akamtaja mtoto wa jirani yetu alieenda kuzamia Bondeni, yaani Afrika Kusini, 2014 mpaka leo hajarudi, alipiga simu miaka miwili ya mwanzo basi. Mama yake yule simu ikiita usiku anakaa kwanza kitandani anatetemeka ndo apokee. Mama akaniuliza, na mimi ndo unataka kunifanya ivo?

Kwa hio nimepanga nisimwambie. Ntamwambia kuna semina Dar wiki mbili, nikishafika mbali ndo nimpigie. Najua sio vizuri anti ila nikimwambia siendi, namjua mama yangu. Na marafiki nao wananicheka, wanasema kutalii ni mambo ya wazungu, mbongo akisafiri anaenda kutafuta hela sio kwenda kuangalia maporomoko. Nina kosa gani nikitaka kuona dunia? Na hio hela inatosha? Nishauri kama mwanao.

Binti wa mapokezi, Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Nenda. Naanza na hilo ili usome huku chini bila presha. Ila usiende kwa ramani ya yule dada, na nyumbani usitokee mlango wa nyuma.

Yule Mjerumani alikua na kitu kimoja ambacho kwenye kale kadaftari hakuandika kwa sababu hajawahi kukilipia, nacho ni nguvu ya paspoti yake. Kwake yeye bajeti ya safari ni kitanda, chakula na nauli. Kwako wewe kabla hujafika kwenye kitanda kuna visa, na visa sio karatasi tu, ni hela inayoondoka hata kama wamekunyima. Visa ya Schengen ambayo ndo ya kukuingiza Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya ada yake ni euro 90 tangu katikati ya 2024, wakikataa hairudi, alafu wanataka taarifa ya benki, barua ya mwajiri, bima ya afya ya safari inayofika angalau euro 30,000, na ukipewa unaruhusiwa siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Sasa fikiria, umeshaacha kazi, una tiketi ya kwenda bila ya kurudi, paspoti mpya haina hata muhuri mmoja, yule afisa akishika karatasi zako anaona nini? Anaona mtu ambae hana cha kumrudisha kwao. Wewe unajua moyo wako unataka nini ila yeye moyo hausomi, anasoma karatasi. Na hata ukipata, kwenye kaunta ya ndege watakuuliza tiketi ya kurudi iko wapi, swali ambalo yule dada pengine hajawahi kuulizwa kwa ukali kama utakaoulizwa wewe. Inauma, najua. Ila ni bora uumie hapa Moshi ukiwa na milioni zako sita kuliko uumie uwanja wa ndege zikiwa zimebaki mbili.

Sasa geuza uso uangalie kusini. Malawi, Zambia, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Afrika Kusini, kote huko Mtanzania anaingia bila kuomba visa, unagongewa muhuri mpakani unapita. Huku kwetu Afrika Mashariki hivohivo, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Wazungu wengi unaowapokea hapo mapokezi wamelipia visa kwenye baadhi ya hizo nchi ambazo wewe unapita bure. Hio ndo ramani yako ya pesa kidogo mwanangu, na kwa macho yangu sio ramani ya huruma, ni tamu.

Nakwambia nilichokiona mwenyewe. Mwaka 2003 nilipanda treni ya TAZARA Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ni kilomita 1,860, ile reli waliyojenga Wachina na watu wetu kuanzia 1970 mpaka 1975. Nlikua naenda kuangalia biashara ya vitenge ila ukweli nilitaka tu kuona. Usiku tumesimama Mlimba, nje giza totoro, alafu unaona vitaa vya koroboi vinakuja vinakimbia kando ya mabehewa, akina mama na masinia kichwani, wali, kuku, ndizi za kuchemsha, unanyoosha mkono dirishani unapokea sahani bado ya moto. Nilikula ule wali nikalia, sijui hata kwa nini. (Ukitaka kwenda nayo uliza kwanza stesheni kama inabeba abiria kipindi hicho, isipokuepo mabasi ya Mbeya na Tunduma yapo kila siku.)

Alafu huko mbele lugha. Kiingereza chako cha mapokezi kitakusaidia ndio, ila utashangaa masikio yako yanavoanza kukamata vitu. Malawi nyumba ni nyumba, nyama ni nyama, moto ni moto, maji ni madzi. Ugali upo kote unabadilika jina tu, nsima Malawi, nshima Zambia, sadza Zimbabwe, na ndo utakaokushibisha kwa hela ndogo kuliko kitu kingine chochote. Pale Livingstone, Zambia, maporomoko ya Victoria ambayo rafiki zako wanasema ni ya wazungu, wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mtoto wa Moshi unasimama pale unasikia mosi, hakuna wa kukutafsiria. Nilisimama mwezi wa nne kwenye kile kidaraja cha miguu mbele ya maji, yale manyunyu sio manyunyu, ni mvua inayopanda kutoka chini, kitenge nilichojifunga kilikua kizito kama ndoo. Kwa hio hao rafiki zako waambie maporomoko hayana rangi.

Na huo mwezi wa nne ndo nataka tuuongelee, maana hapa ndo ushauri wangu wenyewe ulipo. Usiache kazi mwezi wa sita. Mwezi wa sita kuelekea wa saba ndo hosteli yenu inaanza kujaa wapanda mlima, bosi atakuona msaliti na wewe unapoteza msimu wa tipu. Masika je? Aprili na Mei mlima una mvua, vitanda vitupu, na nadhani bosi wako anawaza mishahara ataitoa wapi. Nenda kwake sasa hivi ukaombe likizo isiyo na malipo kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa wa sita, siku 70, umwahidi kwa maandishi kwamba msimu ukianza uko mezani. Bosi mwenye akili atakubali, unampunguzia mzigo. Na huko Mosi-oa-Tunya Aprili ndo maji yako juu kabisa, ukienda mwezi wa kumi au wa kumi na moja upande wa Zambia sehemu kubwa unakuta mwamba mkavu. Yaani kalenda ya mvua imekupangia safari yenyewe.

Njia yangu kwako ingekua hivi, Moshi mpaka Mbeya, unavuka Kasumulu kuingia Malawi, Karonga, Mzuzu, unashuka Nkhata Bay ziwani ukae hapo hata siku kumi, alafu Lilongwe, unavuka Mchinji kuingia Chipata, Lusaka, Livingstone, ukitaka unavuka daraja kwa miguu uone upande wa Zimbabwe, unarudi na njia ya Nakonde na Tunduma. Afrika Kusini iache kwa awamu ya pili. Sio kwamba ni pabaya, ila ghasia dhidi ya wageni zimetokea kule 2008, 2015 na 2019, kwa safari ya kwanza peke yako sitaki uende kujifunzia hapo, na mama yako jina la Bondeni tu linamtoa machozi. Siku utakayoenda hesabu siku zako za muhuri, ukizidisha wanakufungia kuingia, chini ya siku 30 ni mwaka mmoja na zaidi ya hapo ni miaka mitano.

Hela. Siku 70 kwa 45,000 kila siku ni 3,150,000, humo ndani kuna kitanda, chakula na nauli zote za kuhama. Paspoti 150,000. Weka 700,000 pembeni ya kukurudisha nyumbani popote utakapokua, hio isiguswe hata ukiona kitu gani. Jumla 4,000,000. Unabaki na 2,800,000 hapa Moshi, na hio ndo itakusaidia kuongea na mama, ntakuja huko.

Hio 45,000 itatosha kama utakaa, haitatosha kama utakimbia. Kinachomaliza hela ya msafiri sio kula, ni kuhama. Basi, bodaboda ya kutoka stendi, maji ya bei ya njiani, kitanda cha usiku mmoja ambacho hakina punguzo, kesho tena hivohivo. Ukikaa sehemu wiki unajua soko liko wapi, unapika jikoni kwa hosteli, nyanya na dagaa unanunua kwa mama unaemjua, na usiku wa saba wenyewe wanakupunguzia. We hilo unalijua kuliko mimi, si ndo wewe unaewapunguzia? Tena una kitu ambacho wale wageni wako wengi hawana, unajua kuendesha mapokezi. Unawaona wanaokuja kujitolea hapo kwenu, masaa machache kwa siku wanapata kitanda na chai. Andikia hosteli za Nkhata Bay na Livingstone kabla hujaondoka, waambie una miaka minne mezani, unaongea Kiswahili na Kiingereza. Ila uliza kabisa kama muhuri wa mgeni unaruhusu hicho kitu kwenye nchi yao, maana muhuri wa kutembea sio kibali cha kazi na maafisa wa uhamiaji hawajali kama ulilipwa hela au ulilipwa chai.

Mpakani usibadilishe hela zote. Tunduma nilibadilisha kwa kijana mmoja mpole sana, akanihesabia kwacha mbele ya macho yangu, fungu lilikua sawa kabisa, nimefika upande wa pili nahesabu nakuta noti zimekunjwa katikati, kila moja ilihesabiwa mara mbili, yaani nusu ya hela ya wiki ilikua imeenda. Badilisha ya kukufikisha mji wa kwanza tu, shika hela mkononi mwako, nyoosha noti mojamoja ndo utoe yako. Na panga kila safari ufike mchana. Basi la usiku linakuokolea hela ya kitanda lakini likikushusha saa tisa usiku mji usioujua hio hela haina maana, msichana peke yake stendi saa tisa usiku hapana, bora ulipie kitanda. Chanjo ya homa ya manjano pata mapema, cheti kinaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano na siku hizi ni cha maisha.

Sasa mama.

Nimekaa na hio habari ya simu ya usiku tangu nisome barua yako. Kuna mtu mmoja alipita kwenye pwani yetu zamani, Ibn Battuta, aliondoka kwao Tangier 1325 akiwa na miaka 21 peke yake, 1331 akafika Mombasa na Kilwa, akaenda mpaka India na China, watu wakimlisha na kumlaza njiani, huyo ndo babu wa wasafiri wote wa pesa za wenzao. Alirudi Moroko 1349. Mama yake alikua amefariki miezi michache tu kabla, kwa tauni. Baba alishakufa miaka mingi nyuma, habari alizipatia njiani. Mama yako hajawahi kumsikia huyo mtu lakini anachokiogopa ni hichohicho, kwamba utaondoka na yeye hatajua hadithi imeishia wapi. Hakatai dunia, mwanangu. Anakataa kungoja bila tarehe. Na wewe na hio semina yako ya Dar ndo unataka kumpa kitu kilekile anachokiona kila siku kwa jirani.

Kwa hio mpe tarehe. Chukua kalenda ya ukutani kabisa, ile kubwa, mwekee alama siku ya kuondoka na siku ya kurudi, Jumatano na Jumapili ni siku za simu, na ukiwa sehemu isiyo na mtandao unamwambia kabla kwamba Jumatano hii sitasikika. Mwachie kopi ya paspoti na namba ya kila hosteli. Ile 2,800,000, toa ada ya mdogo wako ya mwaka huu yote, mkabidhi risiti mkononi, inayobaki mwonyeshe ni mwanzo wa kiwanja cha Bomang'ombe. Kiwanja hukipingi, unakiwekea foleni. Mama akiona ada imelipwa na nauli ya kurudi iko pembeni haiguswi, mazungumzo ni mengine, hata kama atalia bado.

Ulaya na Asia hazijafutwa. Ukirudi mwezi wa sita na mihuri yako, ukarudi kazini kama ulivoahidi, baada ya mwaka mmoja unaomba ile visa ukiwa na barua ya mwajiri na paspoti inayoonyesha umetoka umerudi, au unaanzia Malaysia na Singapore ambako Mtanzania anaingia bila visa kwa muda mfupi. Na yule dada wa Kijerumani mwandikie leo umjibu swali lake, mwambie unaanzia Malawi.

Kingine ambacho naona hukukijua. Fomu ya paspoti inaanzia mtandaoni alafu unapeleka vyeti uhamiaji, na pamoja na cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA wanataka cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Kwa hio hata ungetaka kumficha, karatasi anazo yeye. Jumapili hii panda Kibosho. Kama cheti hana, wengi wa umri wake hawana, itabidi mshuke naye mjini akaape kiapo, ni shughuli ya nusu siku. Mkimaliza mpeleke sehemu tulivu akae anywe chai, ndo utoe ile kalenda.